Wadhamini wa Yona

Si zamani na wala si mbali. Ilianza mwaka jana, katika nchi ambayo jina lake silitaji, si kwa hofu, bali kwa sababu limebadilishwa mara tatu na sijaambiwa ni lipi linalotumika wiki hii. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina bendera, ina Mlezi Mkuu, na ina mawaziri wengi kiasi kwamba kila mwananchi anaweza kupata wake wa kumlaumu.

Mimi ni Mama Sekela. Nafua na kupiga pasi majoho ya kwaya na ya wachungaji katika usharika wetu, na nimefanya hivyo kwa miaka thelathini na moja. Kusoma nimejua nikiwa na miaka hamsini na sita, katika darasa la kisomo nyuma ya kanisa, Jumatatu mpaka Alhamisi, baada ya sala za jioni. Siku niliposoma mstari mzima wa Zaburi bila kusaidiwa, nilipiga magoti pale pale katikati ya madawati nikamshukuru Mungu. Mwalimu wetu naye akapiga magoti, chaki mkononi.

Mwalimu huyo aliitwa Asheri. Alikuwa na miaka ishirini na minne na ndevu saba, tulizihesabu. Alipozaliwa, waliomwona walisema ni mtoto wa kike, wakamwandika hivyo. Yeye alipopata akili ya kujitazama aliona wamekosea. Alituambia jambo hilo siku ya tatu ya darasa, kwa sentensi mbili tu, kisha akaandika herufi M ubaoni. Fundi viatu aliyekaa dawati la mbele akakohoa, akauliza, "Sasa Mwalimu, hiyo M inasomwaje?" Na masomo yakaendelea.

Jina lile la kwanza alituomba tusilitumie. Mimi silitumii.

Kila jioni kabla ya somo alimeza kidonge mbele yetu bila kujificha. "Hiki ni cha kichwa," alisema. "Kichwa changu kinauma kwa ndani, mahali ambapo panado haifiki."

*

Lazima nieleze kwamba wakati huo ugonjwa wa akili haukuwapo nchini. Ulikuwa umefutwa. Tangazo la Serikali Namba Kumi na Nne liliufuta kuanzia Jumatatu saa sita mchana, na waliokuwa wagonjwa Jumatatu asubuhi walipewa mpaka saa sita wamalize. Hospitali yao ikawa Wizara ya Furaha ya Vijana. Hawakubadilisha hata vitanda. Vidonge vya Mwalimu Asheri vilikuja kutoka nchi jirani, ndani ya pakiti ya biskuti.

Kuhusu wanaume na wanawake nako kulikuwa shwari. Idara ya Usajili ilikuwa imeamua kwamba raia hujulikana kikamilifu siku anapozaliwa, na baada ya hapo hakuna jipya la kujua juu yake. Mtu anayedai kujijua kuliko Idara inavyomjua hushtakiwa kwa kuiba siri za serikali. Niliposikia sheria hii mara ya kwanza niliona ina busara. Nilikuwa bado sijui kusoma.

Basi Waziri wa Furaha, Mheshimiwa Tandabelua, akatangaza Mwaka wa Sauti ya Kijana. Alihutubia uwanjani kwa saa tatu, sisi tukiwa juani na yeye akiwa chini ya miavuli miwili, mmoja wa jua na mmoja wa heshima.

"Vijana wangu!" alisema. "Andikeni! Msiogope! Leteni vitabu vyenu, leteni machozi yenu, leteni mliyoyaficha chini ya godoro! Serikali yenu ina masikio! Serikali yenu haina kitu kingine isipokuwa masikio!"

Watu walishangilia. Mwalimu Asheri, aliyesimama karibu yangu, hakushangilia, ila nilimwona akitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia habari njema asiyoitegemea. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyemgusa kiwiko nikamwambia, "Umesikia, mwanangu? Kile ulichonacho kwenye daftari, kipeleke."

Kulikuwa na sharti moja. Katika nchi yetu kitabu cha vijana hakiendi kwa vijana mpaka kipate wadhamini wanne. Hao ni watu wazima wenye heshima zao, wanaokisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha wanaandika majina yao kwenye ukurasa wa kwanza chini ya maneno haya: "Tumesoma, hatukudhurika." Ni kama vile zamani mpishi wa mfalme alivyoonja chakula kwanza. Kitabu chenye mdhamini hata mmoja ni kitabu. Kisicho na mdhamini ni takataka, na mwenye kukiandika ni mtupa takataka hadharani.

*

Kitabu kiliitwa Yona Ameamka. Nilidhani ni habari za nabii na samaki, nikakipokea kwa furaha. Hapakuwa na samaki. Palikuwa na kijana wa miaka kumi na mitano ambaye nyumba nzima inamwita binti, naye anajua si binti. Anajua kimya kimya, mpaka ukimya unamlemea, anaugua sonona. Analala siku tisa. Hali, haogi, hasemi. Shangazi analeta maombi ya kelele, mjomba analeta fimbo. Mama yake hana la kuleta, basi anachukua ungo, anakaa nje ya mlango wa chumba, anachagua mchele. Kila siku anachagua mchele ule ule, ambao umeshakuwa safi tangu juzi, ili mtoto asikie kwamba kuna mtu. Siku ya kumi Yona anasema kutoka ndani, "Mama, niite Yona." Na mama anasema, "Yona, njoo ule." Halafu hospitali, halafu vidonge, halafu shule. Kitabu kinaishia anapoamka asubuhi, anameza dawa, anavaa suruali, anachelewa namba ya asubuhi shuleni.

Kurasa tisini. Nilikisoma kwa wiki tano, kidole chini ya kila neno. Kilikuwa kitabu kizima cha kwanza maishani mwangu.

Nilikuwa na mdogo wangu, Tabu. Alilala hivyo hivyo, mwaka ule wa mvua nyingi. Sisi tulimwambia aache uvivu. Mimi mwenyewe nilimvua shuka. Yeye hakuamka. Nilipofika kwenye ule ungo nilifunga kitabu, nikaenda kusali mpaka mkaa kwenye pasi yangu ukazimika. Kesho yake nikamwambia Mwalimu, "Nipe hiyo karatasi nitie jina langu."

"Mama, soma kwanza sheria ya wadhamini," akasema. "Kitabu kikishitakiwa, na wewe umo. Unaweza kupoteza kazi na kile chumba cha usharika unachoishi."

"Kitabu hiki kitashitakiwa kwa lipi? Waziri mwenyewe ameomba machozi."

Nikaandika: Sekela. Ilinichukua dakika nne. Aliikausha kwa kupuliza.

Watatu wengine walikuwa watu wakubwa, na namshukuru Mungu kwa kunikalisha nao kwenye ukurasa mmoja. Wa kwanza alikuwa Profesa Rwezaula wa chuo kikuu, aliyesema kitabu kimemliza mara mbili, mara moja kitaaluma. Wa pili alikuwa Bi Tusa, mkuu wa shule ya sekondari, aliyesema ana wanafunzi sita kama Yona na alikuwa hajui awaambie nini. Wa tatu alikuwa Mchungaji wetu, Mchungaji Elikunda. Yeye alihubiri habari za ule ungo Jumapili nzima, ibada ya kwanza na ya pili, bila kutaja umetoka wapi.

*

Vitabu mia nne na kumi na viwili vilifika wizarani. Kamati ya Tuzo haikuwa na muda wa kuvisoma, ikavipima kwenye mizani ya kahawa. Yona Ameamka kilikuwa chepesi kuliko vyote, na Waziri akasema wepesi ndio ujana wenyewe. Kikapewa tuzo ya kwanza: sanamu ya plasta ya Mlezi Mkuu akiwa kijana, jambo ambalo hakuna anayelikumbuka. Waziri alikiinua kitabu juu, akakiita kioo cha taifa.

Kioo hicho kikatupwa kiti cha nyuma cha gari lake, na mambo yangeishia hapo kwa amani kama si dereva. Dereva wa Waziri aliitwa Likongo. Alimsubiri Waziri uwanja wa ndege kwa saa sita, na mtu anayesubiri saa sita anaweza kufanya lolote. Akasoma.

Waziri alipofika alimkuta anafuta macho.

"Likongo, kuna msiba?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni hiki kitabu chako. Huyu Yona, Mheshimiwa! Miaka kumi na mitano wanamwita binti, kumbe kijana. Akaugua akili mpaka akashindwa hata kuoga. Nimemkumbuka mwanangu."

"Kitabu gani?"

"Hiki ulichosema ni kioo."

Waziri alikitazama kitabu mpaka walipofika darajani. Kisha akasema, "Geuza gari."

*

Kesi ilisikilizwa na Baraza la Afya ya Wahusika, ambalo liliundwa asubuhi ile ile. Waziri Tandabelua alikuwa mwenyekiti, mlalamikaji na mlalamikiwa aliyesamehewa. Mwalimu Asheri alisimama peke yake katikati ya ukumbi. Walikuwa wameandika jina lile la kwanza kwenye kibao shingoni mwake, kwa herufi kubwa, ili Idara isichanganyikiwe. Sisi wadhamini wanne tulikaa benchi la mbele.

"Mhusika Yona aitwe," alisema Waziri.

Askari alitoka mlangoni akaita mara tatu, "Yona! Yona! Yona!" Akarudi. "Hayupo, Mheshimiwa."

"Ametoroka. Hati ya kumkamata itolewe."

"Mheshimiwa," alisema Mwalimu Asheri, "Yona ni mtu wa kitabuni. Nimemtunga mimi."

"Andikeni. Anakiri kwamba ndiye aliyemficha."

Akaitwa daktari wa Baraza, aliyekuja na kipimo cha moyo shingoni. "Nimemchunguza mgonjwa ukurasa kwa ukurasa," alisema. "Ukurasa wa kumi na saba hali chakula. Ukurasa wa thelathini hali chakula. Ugonjwa alionao haupo nchini, kwa hiyo mgonjwa anajifanya."

"Na ukurasa wa mwisho?"

"Ukurasa wa mwisho bado anameza dawa, Mheshimiwa. Kitabu kimekwisha na mtu hajapona. Kwa kweli huo ni uzembe wa mwandishi."

Hapo Waziri alilainika. Aliinama mbele, akaongea kama baba. "Mwanangu, sisi si wakatili. Mponye ukurasa wa arobaini. Mvalishe gauni ukurasa wa themanini, asimame mlangoni, jua lichomoze, aimbe kidogo. Tuzo tunakurudishia leo leo."

Mwalimu Asheri alifikiri. Nataka mjue kwamba alifikiri kweli, hakujibu kwa kiburi.

"Mheshimiwa, kitabu hiki nimekiandika kwa mtoto aliyelala kitandani sasa hivi," alisema. "Nikiandika hivyo, yeye atajua nimemdanganya. Na amekwisha kudanganywa na wengi."

"Vema," alisema Waziri. "Tusikie wadhamini."

Sheria ilisomwa. Mdhamini akithibitisha kwamba alisoma, anapoteza kazi na nyumba ya kazi, lakini kitabu kinabaki kitabu na mwandishi anakwenda kwake. Mmoja tu alitosha. Wasipopatikana, mwandishi anapelekwa Nyumba ya Utulivu. Msamaha ulikuwa kwa mdhamini asiyejua kusoma, kwa kuwa huyo naye amedhulumiwa.

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ametulia. Wanne, tena watatu kati yao wakubwa! Nami nilitulia.

Profesa Rwezaula alisimama, akarekebisha tai. "Waheshimiwa, kwa masikitiko makubwa, mimi sijui kusoma."

Waziri akauliza kwa upole, "Na vitabu vyako kumi na viwili, Profesa?"

"Niliviandika bila kuvisoma, Mheshimiwa. Wenzangu wa chuo wanaweza kuthibitisha."

Bi Tusa alisimama. "Mimi pia. Ripoti za wanafunzi huwa nazisaini kwa kutazama rangi."

Mchungaji Elikunda alisimama na Biblia yake kubwa chini ya kwapa. Nikasema moyoni, sasa. "Neno la Mungu ninalo moyoni," alisema kwa sauti ile ya ibada ya pili. "Kitabu hiki nakifungua kwa heshima tu." Kisha, kabla ya kukaa, akaniinamia sikioni. "Mama Sekela, fikiria chumba chako. Utakwenda wapi na umri huo? Na wewe wala hutasema uongo mkubwa. Umejua kusoma juzi tu. Mungu hatahesabu."

Nikasimama. Niliomba. Niliomba kama ninavyoomba siku zote, Bwana weka neno kinywani mwangu, nikasubiri aliweke. Miaka thelathini na moja ya pasi ilikuwa mabegani mwangu, na kile chumba chenye dirisha moja, na Mwalimu akinitazama. Hakunitazama kwa kusihi. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni na jibu analijua.

Nikasikia mtu akisema, "Sijui kusoma, waheshimiwa."

Alikuwa na sauti yangu.

Mwalimu Asheri alifumba macho. Akaonekana mtoto. Walimtoa kwa mlango wa pembeni na kile kibao shingoni, na askari aliyemshika mkono alikuwa anamwita "binti" kila hatua, "taratibu binti, ngazi binti." Mchungaji alinipa kitambaa chake. Nilikuwa nimekipiga pasi mwenyewe.

*

Yaliyofuata yaliipa nchi sifa kubwa. Ilipojulikana kwamba kutojua kusoma kunaokoa, ugonjwa ukaenea. Majaji waliapa hawajui kusoma sheria walizohukumia. Mhariri wa gazeti aliapa, gazeti likaendelea kutoka kama kawaida na hakuna aliyeona tofauti. Waziri mwenyewe aliapa kwamba hotuba zake huwa anazikariri kwa kusomewa. Mwisho wa mwezi mtu pekee nchini aliyethibitika kujua kusoma alikuwa Likongo, dereva, kwa kuwa alikamatwa akisoma. Hukumu yake ilikuwa kazi ngumu: aliteuliwa kuwa Msomaji wa Taifa na kupewa darasa letu la kisomo alifundishe.

Darasa likajaa. Wanafunzi wa zamani, akina fundi viatu, waliambiwa warudi makwao kuwapisha wasomi. Mimi nilibakishwa kwa sababu nilikuwa na hati ya Baraza kwamba sijui kusoma. Profesa Rwezaula alikaa kulia kwangu, Mchungaji Elikunda kushoto, Bi Tusa nyuma yetu, na kila jioni tuliimba pamoja: ba, be, bi, bo, bu. Profesa alikuwa na bidii. Alikosea "bo" kwa ustadi mkubwa, na Mchungaji akimcheka chini chini. Siku moja nilimnong'oneza, "Profesa, Mwalimu Asheri yuko wapi?" Akanong'ona, "Tupo kwenye somo, mama."

Nilienda Nyumba ya Utulivu mara tatu. Mlinzi alisema hakuna mtu wa jina la Asheri. Nikamwambia namtafuta mgonjwa. Akasema hakuna wagonjwa.

*

Barua ilikuja siku ya themanini na nne tangu hukumu. Kwa kuwa nilikuwa na hati ya kutojua kusoma, haikuletwa kwangu. Ililetwa darasani, isomwe na Msomaji wa Taifa mbele ya Afisa Msikilizaji, ambaye kazi yake ni kusikiliza barua za watu. Afisa alikaa mezani. Likongo alisimama mbele yangu, akaifungua barua.

"Mama mpendwa," akaanza, "hapa ni pazuri. Uji una sukari. Tunacheza mpira wa pete kila jioni. Naishukuru serikali. Usisumbuke kunijibu."

Lakini alikuwa akitazama dari. Barua alikuwa ameigeuza, maandishi yakiwa upande wangu. Nikasoma, neno kwa neno:

"Mama Sekela, shikamoo. Vidonge vyangu walivichukua siku ya kwanza, kwa sababu ugonjwa wangu haupo. Bado naamka, lakini kila asubuhi naamka nikiwa mbali zaidi. Hapa wananiita lile jina. Rufaa inafungwa siku ya tisini, na baada ya hapo sitoki. Anahitajika mtu mmoja tu aseme alisoma. Sijakukasirikia. Ila najua unajua kusoma, Mama, maana nilikuwepo."

Likongo alimaliza uji na mpira wa pete. Afisa akasema, "Haya mama, umesikia habari njema. Mwingine."

Sikukaa. Safari hii sikusubiri kuwekewa neno. "Bwana Afisa," nikasema, "haikuandikwa hivyo."

Nikaichukua barua mkononi mwa Likongo nikaisoma kwa sauti, kutoka shikamoo hadi nilikuwepo, nikikwama kwenye "rufaa" na kurudia. Halafu nikasema, "Mimi ni mdhamini wa Yona Ameamka. Nilikisoma chote. Chumba chukueni."

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alifungua kitabu cha taratibu, akakumbuka ameapa kutojua kusoma, akakifunga. "Mama, lazima athibitishe mtu kwamba ulichosema ndicho kilichoandikwa. Mimi nitajuaje? Unaweza kuwa umekariri." Akageukia darasa. "Nani anathibitisha?"

Walikuwa watu arobaini. Walikuwemo majaji wawili na mhariri. Niliishika barua mbele ya Profesa Rwezaula, karibu na miwani yake. "Profesa, neno hili tu."

"Mama," alisema bila kuinua macho, "sisi bado tuko kwenye ba."

"Bi Tusa? Wale wanafunzi wako sita?"

Bi Tusa alikuwa anachonga penseli ambayo ilikuwa imekwisha kuchongeka.

"Mchungaji?"

"Tutaliombea jambo hili, Mama Sekela."

"Nimekwisha kuomba, Mchungaji. Sasa nakuomba wewe."

Akafungua Biblia yake, kwa heshima tu.

Basi nikamgeukia Likongo. Huyu alilia kwenye gari. Huyu ndiye aliyenigeuzia barua. Alikuwa Msomaji wa Taifa. Neno lake moja lingetosha. Alinitazama, akamtazama Afisa, akatazama viatu vyake.

"Mimi," akasema, "ni dereva tu."

Afisa Msikilizaji alishusha pumzi. "Kwa hiyo mama, hiyo si barua. Hiyo ni hadithi uliyoitunga." Akachukua daftari akaniandikisha hapo hapo: Mtunzi wa hadithi. Nikafukuzwa darasani kwa kosa la kutunga bila wadhamini, na jioni ile ile wazee wa usharika walibeba vitu vyangu mpaka barabarani, kwa uangalifu mkubwa, wakiimba.

*

Sasa nipo kibandani kwa fundi viatu, ambaye amenipa kona. Naye alikwenda kujitolea kuthibitisha. Yeye na wenzake wote wa darasa la zamani waliambiwa kwamba asiye na cheti cha kusoma hawezi kuwa shahidi wa kusoma, na vyeti vyetu vilikuwa visainiwe na Mwalimu Asheri.

Leo ni siku ya themanini na nane. Kwa kuwa serikali imeniandika mtunzi, nimetunga. Nimeandika haya siku nne mfululizo, asubuhi mpaka jioni, na fundi ameyanakili pamoja nami, na tunayatia ndani ya kila kiatu kinachotoka hapa. Nimeulizia sheria kwa makini. Haisemi mdhamini wa rufaa awe mtu mkubwa. Inasema awe mtu mzima, mwenye cheti, aliyesoma habari za Yona tangu anapolala mpaka anapoamka, na aende mwenyewe mlangoni pa Baraza kabla ya saa sita mchana siku ya tisini, aseme.

Wewe uliyeikuta karatasi hii kiatuni huenda unacho cheti. Habari za Yona umekwisha kuzisoma, zipo hapo juu, pamoja na ule ungo. Anahitajika mmoja tu.

Wakikuuliza, utasemaje?